Silanga la Sangailu kwenye ramani yangu

Jumanne, Garissa. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi bila kushuka, na joto liko palepale. Umeme ulikatika baada ya adhuhuri, ukarudi. Sijanywa chai leo. Kwangu hiyo ni dalili ya moyo usiotulia.

Jambo lenyewe ni hili. Abti Sugow, kaka wa marehemu mama yangu, anatuhumiwa na watu wake wa Sangailu kwamba aliuza habari ya maji yao kwa wafugaji wa mbali. Kesho atasimama mbele ya wazee. Hakuuza. Habari hiyo niliitoa mimi, na sikujua kwamba nimeitoa.

Tangu redio ilipopunguza wafanyakazi, ninajifunza kutengeneza programu za kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa karibu na soko. Nimeripoti ukame, mafuriko na uchaguzi kwa miaka mingi. Sasa nakaa benchi moja na vijana wanaoniita adeer, jina la heshima kwa mtu wa rika la baba zao, na wanaonionyesha mabano niliyosahau kufunga. Hodan, ambaye ana umri wa binti yangu, alisoma programu yangu ya kwanza akasema, "Adeer, hii ni programu ama ni taarifa ya saa saba? Mbona kila mstari una maelezo?" Darasa lilicheka, nami nikacheka. Miezi ile ya mwanzo nilipata raha niliyokuwa nimeisahau, ya kutojua kitu asubuhi na kukijua kabla ya jioni.

Kazi yangu ya kumalizia mafunzo ni ramani ya maji na malisho. Mtu anatuma ujumbe mfupi: jina la mahali, kama kuna maji, kama kuna majani. Programu inaweka alama kwenye ramani, kisha inawapelekea ujumbe huo wote waliojiandikisha. Niliijenga kwa sababu ya jambo nililoliamini maisha yangu yote ya kazi, kwamba habari ikiwafikia wengi, wanaoumia hupungua.

Wiki iliyopita abti alinipigia simu kama kawaida yake, salamu ndefu kwanza, halafu habari za nyumbani. Mvua imenyesha. Silanga, lile bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, limejaa, majani yanachipuka, ng'ombe wameanza kutoa maziwa. Nilifurahi kumsikia vile. Nilikuwa mbele ya kompyuta nikijaribu kama programu inapokea ujumbe, na nilihitaji mfano. Nikaandika: Sangailu, maji yapo, majani yapo.

Nilidhani waliojiandikisha ni wanafunzi wenzangu tu. Kumbe wenzangu walikuwa wameshawaandikisha baba zao na wajomba zao kwa kujivunia kazi ya darasa, na baadhi ya wajomba hao wana malori.

Siku hizi ng'ombe hawaifuati mvua kwa miguu. Wanapakiwa.

Abti alipiga tena jana. Alizungumza polepole, kwa Kisomali cha kuchagua maneno.

"Abti," alisema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "lori la kwanza lilikuja kabla sijamaliza kunywesha. Nikamwuliza dereva, nani amekutuma huku? Akasema, simu. Nikamwuliza, simu ya nani? Akasema, simu tu, haina mwenyewe."



"Nina mvi hadi kwenye nyusi," akaendelea, "na sijawahi kusikia habari ya majani isiyo na mwenyewe. Sasa watu wa hapa wananiuliza nilimwambia nani. Sijawajibu."

Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Alijua, na alijua kwamba najua.

Kwa asiyetoka huku: kabla ya kuhamisha mifugo, watu humtuma sahan, yaani mtu wa kutangulia kutazama majani, maji, magonjwa na wenyeji waliopo. Akirudi anawaambia waliomtuma, na jina lake linabaki juu ya alichokisema. Wanaotaka kuhamia kwa wengine huomba kwanza, wakaambiwa walete mifugo kiasi gani na wakae mpaka lini. Utaratibu huu nimeueleza redioni mara nyingi na nimewahoji watu wa kazi hiyo. Nilipokaa kuandika programu sikuuweka popote, kwa sababu somo nililokuwa nikilifuata halikuwa nao.

Kuna jambo baya zaidi. Ningekuwa na kinasa sauti mkononi, ningemwuliza abti kama nitangaze au tunaongea tu kama watu wa nyumba moja. Katika miaka yote ya redio sikuwahi kulisahau swali hilo. Kwenye kibodi halikunijia hata kidogo. Niliuita ujumbe ule jaribio, na neno hilo likanitosha.

Leo asubuhi nilimweleza mwalimu wetu, Kioko, mtu wa Machakos, mpole, asiyechoka na maswali ya wazee kama mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakaanza kung'aa.

"Mzee, hii ndiyo tumekuwa tukitafuta," alisema. "Watu wamehamisha ng'ombe kwa sababu ya programu yako. Alhamisi wageni wakija, anza na Sangailu."

Wageni hao ni wa shirika linalotafuta watu wa kuajiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba waje, na jina langu liko juu kati ya aliyowapa.

"Na maji yakiisha?" nikamwuliza.

"Hiyo ni shida ya matumizi, mzee, si ya mfumo. Mfumo umefanya kazi."

Hakuwa na nia mbaya, wala hakusema uongo. Mfumo umefanya kazi.

Hilo ndilo linalonikosesha raha tangu asubuhi.

Nilimwomba Hodan anisaidie kuiondoa Sangailu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuomba kwenyewe. "Kwenye ramani imetoka, adeer," akasema. "Kwenye simu za watu siwezi kuingia." Akaongeza bila kunitazama, "Hata baba yangu aliipata. Alinisifu."

Tukasimamisha ujumbe wote, tukaanza kuandika upya sehemu ile, ili habari ikae kwa aliyeileta, ikiwa na jina lake, mpaka yeye mwenyewe aseme imfikie nani. Hodan aliandika, nami nikafuatilia. Nilielewa kila mstari, hata nikamwonyesha kosa moja. Siku nyingine ningejaza ukurasa mzima kwa furaha ya jambo hilo.

Alasiri nikampigia abti kumwambia nakuja. Nilijitayarisha kubishana, nikidhani atanikataza nisijianike mbele za watu. Alivuta pumzi tu.

"Ukija, hiyo kompyuta iache huko," alisema. "Hawa wazee wataiuliza nini? Njoo na mdomo. Na ulete sukari, wageni wamemaliza yangu."

Anawapikia chai watu wanaolimaliza silanga lake. Nilimwuliza maji yamefika wapi. Alisema yamefika kwenye matope ya kando, na kwamba ng'ombe wa mwisho siku hizi wanakunywa yaliyokanyagwa.

Kioko nimemwambia kwamba Alhamisi, nikirudi kwa wakati, Sangailu nitaieleza kama kosa. Amesema hakuna anayeajiri mtu kwa sababu ya kosa lake. Huenda ni kweli. Nina umri ambao nafasi kama hii haiji mara mbili, na sitajidai kwamba hainiumi.

Gari la upande wa Ijara, litakalonifikisha Sangailu, linaondoka baada ya swala ya alfajiri. Sukari nimeshanunua. Nitakalowaambia wazee ninalo: aliyeisambaza habari ni mimi, abti hakumuuzia mtu. Naamini hilo litamtoa lawamani. Ila najua watakachoniuliza baada ya hapo, kwa sababu hata mimi ningeuliza: malori yale yataondolewa vipi, na nani atawaambia madereva, wakati aliyewaita hana sauti wala uso?

Kompyuta inabaki huku. Nitaenda na mdomo.