Sista Nakuja

Mayu, mama yangu,

Nikiwa mdogo niliichukia sare yako nyeupe. Ulirudi nayo nyumbani Mkuyuni, ukalowesha miguu kwenye beseni, nami nikakuita uone nilichoandika shuleni. "Nakuja," ulisema, usingizi umeshakuchukua palepale kitini. Niliapa sitakuwa nesi. Kisha nikawa.

Hukuniona nikichoka. Baada ya wewe kufariki nilihamishiwa wodi ya wazazi, na mara nyingi nilikuwa peke yangu. Huyu dripu imeisha, yule uchungu umepamba moto, mwingine anataka tu kushikwa mkono. Kila mmoja nilimwambia "nakuja" huku nimeshampa mgongo.

Kulikuwa na bibi wa Buhongwa aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliyejifungua. Asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Sista Nakuja. Leo utafika?"

Wodi nzima ikacheka. Nikacheka nao, halafu nikaenda kujifungia chooni nikalia, kwa sababu bibi alisema kweli. Siku hiyo niliamua kuacha uuguzi, nikauze dawa kwenye duka moja la Mabatini lililokuwa linanitaka.

Nilipomwambia muuguzi mfawidhi, hakunibembeleza. "Kabla hujaondoka," alisema, "niambie kinachokuondoa."

Nikamjibu kwamba si wagonjwa, ni kuwahudumia peke yangu. Akawaita wenzangu, nao wakasema hilohilo. Akapanga zamu upya. Siku hizi asubuhi tunakuwa wawili.

Maji bado yanakatika, Mayu, na glavu bado tunagombania. Lakini mwenzangu akizunguka wodini, mimi naweza kuvuta kiti nikakaa. Nimegundua kuwa mgonjwa humficha mambo nesi aliyesimama. Jana mjamzito mmoja, baada ya kunisimulia habari za mama mkwe wake mpaka nikacheka, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, na macho yananifanyia giza." Tukampima presha, tukaikuta juu, tukamwita daktari mapema. Leo mtoto wake analia kwa sauti ya kuudhi, na mama yake anamtazama tu.

Wale wa duka la Mabatini wamenipigia mchana huu. Nimewaambia watafute mtu mwingine.

Naumia kwamba wewe hakuna aliyewahi kukuuliza kinachokuchosha. Pumzika, Mayu. Kesho naingia asubuhi, na natamani kupambazuke.

Ni mimi,
binti yako mkubwa