Njuga za Kabula

Jumanne, msimu wa kuvuna pamba

Wewe Modesta, nani alikutuma umvue mtoto njuga? Kijiji kimekupa watoto uwalee pale chekechea, siyo uwapange kama magunia.

Leo mchana mjukuu wangu Kabula alitoka nje wenzake wamelala. Akina mama wanaoanika dagaa ndio waliomkuta kwenye matete ya ziwani, maji yanamfika kiunoni. Niliacha pamba shambani nikakimbia, na miguu yangu hii.

"Shikamoo, bibi," Modesta anasema. Sikuitikia. "Nilimvua kwa sababu zinawaamsha wenzake."

"Ziwaamshe! Bora walie wao kuliko kulia sisi."

Njuga zile nilizivaa mimi utotoni. Mama alikuwa akilima ameinama, hageuki, lakini nikisogea tu kuelekea ziwani ananiita kwa jina. Nilidhani ana macho kisogoni, kumbe anazisikia. Mpaka leo zikilia uani naona kama ni yeye anakuja na jembe lake begani, na mimi bado mdogo...

Basi. Modesta naye ni mtoto. Tumemwachia watoto ishirini peke yake, na kwenye kikao cha kijiji niliona ni vibaya nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Nikifumba macho nayaona yale matete.

Kesho hakuna kuchuma pamba mpaka chekechea upande wa ziwa izungushiwe miiba. Kila siku mama mmoja abaki na Modesta. Zamu ya kwanza ni yangu. Na balozi wetu wa nyumba kumi asinijie na maneno. Aje na panga.