Tembe Zangu Ulizozipeleka Maombini

Kwako Dada Jerida,

Najua uko mzima, kwa sababu maneno yako yamenifikia mpaka huku Kawangware. Magoti ya mama yanaendeleaje na hii baridi? Ng'ombe alizaa? Watoto wako sawa, Sharleen ametoka jino la mbele na anacheka ovyo aonekane. Mimi ndiye siko sawa. Naandika kwa karatasi kwa sababu nikikupigia unaweka spika na boma nzima inasikia. Hii soma peke yako, ufunge mlango.

Kanisa letu huku ni kama la huko. Mwanamke akiwa kwa siku zake havai kanzu nyeupe na haingii ndani, anakaa kwa benchi ya nje. Miaka yote nimekaa hapo Jumapili moja kwa mwezi na hakuna mtu alijali. Nilipoanza tembe za kupanga uzazi, damu ikakataa kuisha. Haikuwa nyingi, ni matone tu, lakini matone ni damu na mimi siwezi kumdanganya Mungu. Nikakaa nje Jumapili saba mfululizo. Wanawake wakipita wanaangalia sketi yangu. Mke wa mchungaji hakuniuliza naumwa na nini, aliniuliza nimefanya nini. Jirani wa ploti akaambia watu nimetoa mimba. Nafua nguo za watu kwa zile ghorofa za Gatina Jumatatu mpaka Jumamosi, halafu siku yangu ya kupumzika nakaa kwa jua nikichunguzwa.

Tembe nilikuwa nachukua Kibera, kwa sababu hapa steji ya 46 anayeandika kadi kliniki ni mtu wa kwaya yetu. Nesi wa Kibera alinieleza bila kunidharau. Alisema mwili unazoea polepole, miezi miwili au mitatu matone yataisha, nisiache, nimeze kila siku saa ile ile.

Hayo yote nilikuambia wewe kwa simu, nikilia. Nilikuambia hata Baba Sharleen hajui. Ukasema, "Nyamaza mdogo wangu, hii imeishia hapa kwangu."

Jumatano ya wiki hiyo hiyo ukasimama kwa maombi ya akina mama, ukawaambia waniombee, ati dada yako anameza dawa za kupanga uzazi na damu imekataa kukauka. Ukaliita ombi. Jerida, mama mkwe wangu anakuja hayo maombi kila wiki, anakaa kiti cha pili kutoka kwako. Ulidhani akifunga macho anafunga na masikio?

Na kinachonichoma ni kwamba nesi alisema ukweli. Mwezi wa tatu matone yaliisha. Damu ikawa inakuja siku mbili, nyepesi, inaenda. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu Jumapili tatu, nimeimba ndani na wenzangu. Ndipo mama mkwe, baada ya kuyaweka wiki hizo zote, akampigia mtoto wake.

Baba Sharleen alitoka kazi ya mjengo saa sita mchana, siku ya kazi. Hakunipiga, hiyo niseme. Aliinua godoro, akapata pakiti, akaenda kuitupa kwa choo cha ploti. Akarudi akasema, "Umenifanya mjinga mbele ya mama yangu. Kama hutaki watoto wangu, si ungesema nitafute mwenye anataka." Nikamwambia daktari alikataza. Akaniuliza, "Daktari gani? Mbona mimi sikuambiwa?"

Nilimficha kwa kuogopa mama yake, na hilo ni kosa langu, nalibeba. Sasa anaona hiyo ya daktari nimeitunga juzi.

Lakini wewe ulikuwa hospitali nikimzaa Brayo. Ulikuwa umemshika mtoto, mimi nikivuja damu mpaka wakaniwekea ya watu wengine. Daktari aliongea na wewe, mimi sikuwa najielewa. Alisema nikishika mimba nyingine karibuni hajui kama nitatoka kwa hiyo meza. Wewe ndiwe uliniambia hayo maneno, nikiwa bado kwa kitanda, na ukaniapisha nisicheze na mwili wangu. Brayo hata mwaka hajafikisha.

Sasa ni wiki sita tangu zitupwe. Damu ilikuja zile siku za kwanza, halafu imenyamaza. Wiki iliyopita nilirudi kwa nesi, akapima, hakuona kitu, akasema huenda bado ni mapema, nirudi Jumatatu. Kila asubuhi naangalia nguo yangu ya ndani kabla sijaamsha watoto. Jumapili navaa kanzu, nakaa mbele, na wale wale walionisengenya wananishika mkono wakisema nimepona, maombi yamejibiwa. Nawachukia, dada. Nawatabasamia na nawachukia.

Msalimie mama, umwambie nimeuliza magoti. Msalimie mke wa kaka, na mjomba anayesaga unga posho mill, na shangazi, umwambie sweta ya Brayo inamtosha. Mama mkwe usimsalimie, habari zangu anazipata kabla hata mimi sijazijua.

Na usiniombee tena. Uliwaambia tembe, hukuwaambia sababu. Ulisimama mbele ya wanawake wote hao, ulikuwa na pumzi ya kusema kila kitu, ile sehemu ya daktari ndiyo ukameza. Baba Sharleen haniamini mimi. Wewe ulikuwepo, ukamsikia daktari kwa masikio yako. Nikipatikana na mimba Jumatatu, nitakuwa naenda kuzaa na mwanaume anayefikiri nilidanganya. Nikikosa kupatikana, lazima nianze tembe upya, na bado atazitupa.

Usinijibu mimi. Mpigie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Finike