Shemeji Aliifunga Fyuzi Kwenye Buti

Mshauri, jana jioni mume wangu alitangaza mezani, mama yake akiwa amekaa pale pale na mguu uliofungwa bendeji juu ya kigoda, kwamba amplifaya inarudi kwenye gari Jumamosi saa tatu asubuhi, na atakayeifunga ni yule yule mdogo wake aliyeifunga mara ya kwanza, na kwamba kabla ya siku hiyo mimi niwe nimeshamwomba radhi. Nisaidie, maana nina hasira hadi kazi inanishinda, leo asubuhi nimeshona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena pale pale.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na gari letu dogo ndilo linalobeba vitambaa vyangu na ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki ya macho, yeye hukaa kiti cha mbele kwa sababu goti lake halikunji vizuri na nyuma haingii. Shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Besi kwa jinsi anavyopenda muziki wa kutikisa vioo, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, na kwa simu simkosoi, mkono wake ni mwepesi. Wiki tatu zilizopita alikuja na amplifaya na boksi la sabufa, akasema redio ya gari letu inaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi, na kaka yake akacheka akamwambia endelea, na mimi nikasema vitambaa vyangu vitakaa wapi, wakanijibu kiti cha nyuma kina kazi gani.

Nilisimama pale nikaangalia. Alichukua waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini alilolitoboa mwenyewe, akaulaza chini ya kapeti upande wa abiria hadi kwenye buti, na kule kwenye buti, kando ya amplifaya, ndiko alikoiweka fyuzi. Nikamuuliza, mbona fyuzi iko mbali hivyo na betri, akaniambia, "Shem, fyuzi inakaa karibu na kitu inachokilinda. Mlinzi wa duka unamweka dukani au unamweka sokoni?" Wote wakaona amesema la maana, na kusema kweli hata mimi niliona hivyo. Kwenye lile tundu hakuweka raba. Bati tupu, limetobolewa, kingo zake zinakata kidole.

Sasa nifike mahali ambapo sijamwambia mtu. Mimi nashika pasi kila siku, harufu ya waya unaoungua naijua kama ninavyoijua sauti ya wanangu. Jumanne ya wiki iliyopita niliisikia ndani ya gari, kidogo tu, tulipopita kwenye tuta. Jumatano nikaisikia tena. Alhamisi nikaisikia nikiwa peke yangu, nikasimamisha gari pembeni, nikainama hadi kwenye kapeti, nikanusa, nikajua kabisa. Na sikusema. Sikusema kwa sababu Jumatatu nilikuwa nimelalamika kwamba taa za mbele zinafifia kila ngoma ikipiga, na mume wangu akaniambia, "Wewe chochote kinachotoka mkononi mwa ndugu yangu lazima kikunukie vibaya." Basi nikasema moyoni, sawa, hakuna tena kitakachoninukia. Mshauri, nilitaka iungue. Nilitaka iungue wakiwa wao wawili ndani, wamefungulia muziki wao, waone.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nikampeleka mama mkwe kliniki. Tuko kwenye njia panda, taa nyekundu, redio iko chini kabisa, moshi ukatoka chini ya miguu yake. Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo. Moshi ukaendelea, ukazidi, na mama anavuta mguu na goti halikunji na mimi nimezunguka namvuta kwapani na yeye anauliza, "Mwanangu, kuna nini, mbona unaniumiza?" Nilipomtoa kapeti lilikuwa limeshika moto na kifundo cha mguu kimeungua, ngozi imevimba kama kiganja changu kwa ukubwa. Fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyekuja na spana mbio, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri, na moto akauzima kwa ndoo ya maji anayotafutia matundu ya tairi. Akaniuliza, "Dada, nani kauacha huu waya uchi hivi?" Nikamwomba atutafutie teksi ya kwenda zahanati.

Kutoka zahanati nilikwenda moja kwa moja kibandani kwa Besi. Alikuwa na wateja wanne. Nikamwambia mbele yao kwamba amemchoma mama yake mzazi, na kwamba mtu wa kubahatisha abahatishe na simu zake aache magari ya watu. Yeye akaja jioni, akafungua buti, akaitoa ile fyuzi, akaipitisha mkono kwa mkono kama kithibitisho cha mahakamani. "Nzima. Mnaiona? Nzima. Umeme ungekuwa na kosa hii ingekatika. Kilichotokea ni marobota ya shemeji, kayarundika juu ya kapeti, yakabana waya." Marobota yangu yanakaa kiti cha nyuma, waya umeungua mbele. Lakini mume wangu aliiangalia ile fyuzi, akaniangalia mimi. Na mama mkwe, mwenye mguu, akasema, "Mwacheni kijana, hajaua mtu."

Kwa hiyo Jumamosi amplifaya inarudi, vile vile ilivyokuwa, waya mpya tu. Na Jumatatu mama ana kliniki tena, kiti kile kile. Nimwombe radhi Besi ili nyumba itulie? Nifiche ufunguo wa gari? Na ile harufu, niiseme, au nife nayo?

Mshonaji mwenye hasira

Mshauri anajibu

Fundi wa umeme wa magari niliyempigia simu jana asubuhi, mtu mwenye miaka ishirini na mbili katika kazi ya kufunga redio, spika na amplifaya, amesema shemeji yako amekosea, na kwamba kosa lake anakutana nalo karibu kila mwezi. Nilimsomea sehemu ya barua yako inayohusu fyuzi neno kwa neno. Maelezo yake nayaandika yalivyo, umsomee mumeo.

Fyuzi ya waya ule haiwekwi kwa ajili ya amplifaya. Amplifaya ina fyuzi yake, imejengwa ubavuni mwake. Fyuzi ya waya inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Umeme ulitoka kwenye betri, ukafika kwenye tundu lile lisilo na raba, ukakuta bati limeshakwangua ganda, ukaingia kwenye mwili wa gari. Haukufika kwenye buti. Fyuzi ilibaki nzima kwa sababu hakuna kilichopita ndani yake. Kwa hiyo kithibitisho alichokizungusha shemeji yako mkono kwa mkono kinathibitisha kosa lake mwenyewe. Moshi uliendelea baada ya kuchomoa ufunguo kwa sababu waya ule hauulizi ufunguo, umefungwa moja kwa moja kwenye betri. Marobota yako hayahusiki.

Hapo hasira yako ni ya haki, na mimi ninayo pia. Nina hasira na kijana anayetoboa ukuta wa injini kwa ujasiri wa kutengeneza simu. Nina hasira zaidi na mumeo, aliyeona mama yake amefungwa bendeji akaona kinachohitaji kurekebishwa ni ulimi wa mkewe. Hiyo fyuzi aliiangalia. Angetembea hatua tano akaangalia tundu.

Sasa wewe. Shemeji yako hakujua. Wewe ulijua. Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ulisimamisha gari, ukainama, ukanusa, ukawasha ukaondoka, na Ijumaa ukamfungulia mlango mwanamke wa goti bovu ukamkalisha juu ya waya ule. Umeniandikia kwamba ulitaka iungue wakiwa wao wawili. Moto haukukuuliza ulimkusudia nani. Usinijibu kwamba hukuwa na nia naye. Najua, na ngozi yake haijui. Ulikuwa umekatazwa kulalamika na mtu mmoja, ukalipizia kwa kunyamaza kwenye gari linalobeba watu wote wa nyumba, wewe mwenyewe ukiwamo. Huo si unyonge. Ni ukaidi, na ulikuwa na usukani mkononi.

Umeuliza kama uifiche ile harufu. Ukiificha, kila utakaposema kweli kuhusu fyuzi utakuwa unaisema nusu, na mumeo ataisikia hiyo nusu kama chuki yako ya kawaida. Ukiisema, utapoteza kitu. Huenda atakaa wiki nzima hazungumzi nawe. Acha asizungumze. Lakini anza na mama mkwe, kwa sababu mguu ni wake. Mwambie bila kumtaja Besi, bila kutaja lile neno la mumeo la Jumatatu, bila "lakini". Ulisikia harufu siku tatu, ukanyamaza, unaomba radhi. Akikukasirikia, kaa hapo hapo umsikilize mpaka amalize.

Kwa Besi hudaiwi radhi kwa ulichosema, ni kweli tupu. Umemkosea mahali ulipokisemea, mbele ya watu wanaomlisha. Kwa hilo mwambie sentensi moja na usiongeze ya pili.

Ufunguo usiufiche. Ufunguo ulikuwa mkononi mwako Ijumaa, haukusaidia kitu.

Amplifaya inaweza kurudi. Sina ugomvi na muziki wa mtu. Irudi hivi: fyuzi ifungwe ndani ya boneti, umbali usiozidi shubiri mbili kutoka kwenye betri, yenye kipimo kinacholingana na unene wa waya, tundu liwekwe raba na waya uvikwe bomba la plastiki kabla haujapita, waya wa kurudisha umeme kutoka kwenye amplifaya ufungwe kwenye bati la mwili wa gari lililokwanguliwa rangi. Kwa mtu anayejua ni kazi ya asubuhi moja. Mumeo asimame pale aangalie kwa macho yake, na kidole chake kiingie kwenye tundu kiguse raba. Kimoja kikikosekana, waya haufungwi kwenye betri, na Jumatatu mama mkwe wako anakwenda kliniki kwa gari la kukodi, hata kama ndugu wote wawili watanuna.

Nilipomaliza kuzungumza na yule fundi nilimuuliza kama angekubali kuja kuwaonyesha. Alikubali, na nimempa namba ya simu uliyoiandika nyuma ya bahasha. Atakuwa mlangoni kwenu Jumamosi saa mbili na nusu, nusu saa kabla ya shemeji yako. Safu hii inatoka leo, Alhamisi, na gazeti linaingia nyumbani kwenu kama linavyoingia kwa wengine. Zungumza na mama mkwe jioni hii, kabla mtu mwingine hajamsomea.