Jina Alilompa Bi Salima

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Najua Dada Tekla anakusomea hii, nawe umeshaitikia "milele amina" kabla hajavuta kigoda. Mguu unaendeleaje? Na mpunga huko Bukene, mlipata? Sisi huku mbele ya Kaliua tu wazima. Tumbaku imeshatoka kwenye mabani ya kukaushia, sasa tunaifunga, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi hata sabuni haisaidii. Mtoto hajambo. Mashavu ni yako matupu.

Tekla, soma yote, usiruke pale ninapomsema mtu.

Mama, nilikuahidi mtoto akiwa wa kike ataitwa Yosefina, awe somo yako. Najua ulishawaambia kina mama wote wa kanisani. Sasa haitwi hivyo. Anaitwa Mariamu, na aliyempa jina si mimi wala baba yake. Hilo ndilo lililonikaba muda wote huu nikashindwa kukuandikia.

Bi Salima nilishakutajia, yule mjane wa mwenye duka, mtu wa Tabora mjini, aliyebaki hapa kijijini duka lilipokuwa la ushirika. Ndiye mkunga wetu. Zamani alikuwa msaidizi wa masista katika wodi ya wazazi. Siku ya kujifungua nilikuita wewe, mayu, mayu, mpaka nikapoteza fahamu. Nilipozinduka mtoto alikuwa kifuani kwangu, nywele zake zimelowa. Nikadhani wamemwosha. Kumbe alitoka kimya, hapumui, naye Bi Salima akachota maji kwa kata akambatiza, kama masista walivyomfundisha kuwafanyia watoto wetu wakiwa katika hatari ya kufa. Akaendelea kumsugua mgongo, ndipo akalia.

Namshukuru, mama. Mungu anajua namshukuru. Lakini mwanangu amebatizwa na Mwislamu, nami nimelala pale pale kama gogo. Maji yale sikuyaona. Jina lile sikulisikia. Na toka siku hiyo kijiji kizima ni "Mama Mariamu, njoo", "Mama Mariamu, azima jembe". Naitika kwa mdomo tu. Nikimwita Yosefina, mtoto ananyonya, hana habari. Bi Salima akipita uani akisema "Mariamu wee", anaacha ziwa na kugeuza shingo. Ziwa langu, mama.

Nikamwambia Patrisi kwamba padre akija nitaomba mtoto abatizwe upya. Akacheka. "Mtoto mzima, anapumua, wewe unagombana na jina?"

Nikamwambia, "Jina ndilo nililokuwa nalo la kumpa mama yangu. Sina kingine."

Mume wangu akatoka kwenda kuangalia moto wa bani.

Padre wetu, yule mzee wa Kizungu wa pikipiki, alifika kigangoni Pentekoste. Siku hizi misa ni ya Kiswahili, kila neno nalielewa, ila siku hiyo hata sijui alihubiri nini. Misa ilipokwisha nikampelekea shauri langu. Nilikuwa na hakika atasema Mwislamu hawezi kubatiza. Akasema, "Niitie huyo mama."

Bi Salima akaja na ushungi wake, akakaa kwenye benchi la mbele, hajui mikono aiweke wapi. Padre akamwuliza alitumia maji gani.

"Ya mtungini, baba. Safi."

Aliyamwaga wapi.

"Kichwani. Yakatiririka mpaka shingoni."

Alisema maneno gani. Niliomba akosee, mama. Mbele ya altare, siku ya Roho Mtakatifu, nilimwombea mwanamke huyo akosee hata neno moja. Akayasema yote taratibu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

"Na wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka afanyiwe mnavyowafanyia watoto wenu. Mama yake angeamka akute mtoto amekwenda bila kufanyiwa, angenitazamaje?"

"Kwa nini Mariamu?"

"Mwenyewe kazimia, baba. Wa kuniambia jina hakuna. Nikatafuta lililoko kwenu na kwetu." Kisha akaangalia chini. "Na ndilo la mama yangu."

Padre akanigeukia mimi. "Amebatizwa huyu. Ubatizo haurudiwi. Yamebaki mafuta, nguo nyeupe na mshumaa, nitakuja kuyatimiza sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Mtafutie mama wa ubatizo."

Tukarudi njia moja, mimi na Bi Salima. Akasema, "Umenikasirikia."

"Sijakasirika."

"Haya. Ningelijua jina la mama yako, ningelisema hilo."

Hayo ndiyo yaliyonikera zaidi, maana najua ni kweli, angelisema.

Basi mama, njoo wewe uwe mama wa ubatizo. Wewe ndiye umshike mtoto padre anapompaka mafuta. Bi Salima hawezi kusimama pale, na sikufichi, hilo limenifurahisha. Panda treni mpaka Tabora, ubadilishe, ushuke Kaliua, Patrisi atakuwa anakungoja. Uje na kitambaa cheupe. Bi Salima ameshaanza kumshonea kigauni, nami nataka avae cha bibi yake. Ukifika usiulize chochote. Mwite Yosefina kwanza, kwa ile sauti yako ya kuitia kuku. Nataka nione kama atageuka.

Nisalimie baba mdogo anayetuangalizia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, umwambie sauti yake naikumbuka kila tunapoimba Utukufu. Na Tekla, pole kwa kusoma mwandiko huu.

Kabla sijafunga bahasha, Bi Salima amepita. "Unamwandikia mama?" Nikasema ndiyo. "Mwambie namsalimu sana. Mwambie mjukuu wake kaota jino."

Jino, mama. Nilikuwa sijaliona.

Amemchukua ili nimalize kuandika. Wako uani, nawasikia wanavyocheka wawili. Nimemaliza sasa. Naenda kumchukua.

Mimi mwanao, na mama yake,
Anastazia