Matawi kwenye Barabara ya Angurai

Baba yangu,

Nakuandikia kwa sababu nimeliona shimo.

Unakumbuka ubishi wetu? Nilikuwa darasa la sita, najua kila kitu. Wewe ulikuwa umestaafu udereva wa trela. Miaka yote hiyo ulivuka mpaka wa Malaba kwenda Mbale, Mlima Elgon uko dirishani, na huwezi kusimama kuutazama kwa sababu mzigo wa watu haungoji. Dereva mwenzako alikuambia kwamba mlima ule zamani ulitema moto, na juu yake hakuna ncha, kuna shimo la kumeza mji wote wa Busia pamoja na soko lake. Nikacheka. Mlima una ncha, nilisema, hata kwenye kitabu umechorwa hivyo.

"Sawa, mama," ukaniambia. "Jumapili twende ukaone kama una ncha."

Tulitoka Busia baada ya misa, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mama alikaa mbele na chupa ya chai, mimi nyuma ya pikapu na viazi vitamu. Tulipita foleni ya malori Malaba, ukiwapigia honi madereva uliowajua, tukashika barabara ya Angurai. Ukaegesha kwenye mwinuko, karibu na kibanda cha mama mmoja muuza ndizi. Kisha, kwa mazoea ya lori, ukakata matawi ukayapanga barabarani nyuma ya gari, kama mtu aliyevunjikiwa ekseli.

Basi kila aliyepita akasimama.

"Mzee, gari imekufa?"

"Hapana, boss. Tunaangalia mlima."

Mmoja alikuja na spana yake, akafungua boneti kabla hujamjibu. Mama akampa chai. Watu wakajaa, wote wanatazama upande wa mlima, na huko hakukuwa na kitu ila mawingu. Mama wa ndizi alitucheka sana. "Huyu mlima ni wa asubuhi," alisema. "Mchana anajifunika."

Tulingoja hadi chai ikaisha. Jua lilikuwa limenichoma, nimenuna, na mbele ya watu wote nikakuambia, "Wewe ni muongo." Mama alishtuka. Wewe uliinama ukaanza kuokota matawi, moja moja, ukasema tu, "Ukiyaacha barabarani, unamdanganya anayekuja nyuma."

Mwaka uliofuata nilienda shule ya bweni. Kila likizo ulikuwa ukiniuliza, "Mama, tujaribu tena?" Nami nilikuwa na kazi ya shule, au nywele za kusuka. Ukafariki kabla sijakuomba msamaha.

Mwezi uliopita niliupanda mlima na walimu wenzangu. Baba, ni kweli. Hakuna ncha. Kuna shimo pana ajabu, na ndani yake majani, maji na mawingu yake yenyewe. Nilitaka kujua mambo mengi kwa pamoja: ule moto ulizimika ghafla au polepole? Kulikuwa na watu? Na yule dereva mwenzako, yeye aliambiwa na nani? Niligeuka kukuuliza.

Tuliposhuka, nilirudi peke yangu asubuhi iliyofuata hadi pale pale kwenye mwinuko, nikaegesha, nikaweka matawi. Mama wa ndizi, sasa kichwa chote mvi, aliyatazama matawi kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ni msichana wa yule mzee wa Busia?"

Nikaitikia.

"Alikuwa anakuja hapa asubuhi asubuhi, anaweka matawi hivyo hivyo. Mlima ukiwa wazi, anasema, 'Ai, na mtoto yuko shule!' Mkifunga shule, ni mvua tu. Siku moja nikamuuliza, kwani huyo mtoto hawezi kukuamini tu? Akaniambia, 'Sitaki aamini. Nataka aone.'"

Ulikuja mara ngapi, Baba? Na zile siku mlima ulipokuwa wazi, ulikaa hapo ukiutazama na nani? Mama yangu husema ulikuwa ukimuaga kwamba unaenda kuangalia mahindi. Huo ndio uongo wako pekee ninaoujua.

Nisamehe. Mlima ulikuwa wazi kabisa, na nimeokota matawi yote.

Pumzika, dereva wangu.

Binti yako mbishi