Kilo Saba na Robo

Osaka, 3 Machi

Mama, shikamoo.

Baba tulimpoteza tarehe 9 Oktoba mwaka jana, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ardhi ilipotikisika alikimbia, akafika chini ya ngazi za hekalu, mzima kabisa, kisha akarudi nyumbani kuchukua muhuri wake wa kutia sahihi na daftari la benki. Bahari ikamkuta darajani. Muhuri, mama! Fundi anachonga mwingine kwa siku moja.

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kazi zipo. Wafagiaji wangu sasa ni ishirini na watatu. Ndiyo, mimi yuleyule niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, ambaye baba alisema nitaishia kubeba ndoo. Nilibeba kweli. Siku hizi ndoo ni zangu.

Nakutumia begi la kukimbilia. Dukani wanauza lililojazwa tayari kwa yeni elfu kumi na tano, na nadhani nusu ya bei ni ule wekundu wake. Mimi nimenunua kimoja kimoja kwa yeni 4,860: maji chupa sita, wali mkavu wa kumwagia maji, tochi, redio, filimbi, glavu, blanketi la karatasi ya kung'aa, mifuko ya choo kumi, nakala za vitambulisho, na kifuko kitupu utie dawa zako za presha. Hata sarafu za simu ya barabarani zimo. Uzito, kilo saba na robo. Litundike mlangoni. Ardhi ikitikisika, livae, toka, usirudi kwa lolote. Ramani ya mkoa inasema maji ya bahari yanafika kwenu kwa dakika kumi na nne.

Mwanao,
Sanae

Kureura, 19 Machi

Mwanangu Sanae,

Hujambo? Baridi imeanza kulegea, ila magoti yanalia kama mlango wa ghala. Begi limefika. Asante, umejisumbua.

Ile mifuko ya choo nimeitoa. Nikikimbia lazima nichukue kibao chenye jina la baba yako, pale tunapomfukizia ubani. Siwezi kumwacha. Na siwezi kumtia begi moja na choo, wewe unafikiriaje? Nilipomweleza Kinue wa nyumba ya pili alicheka mpaka akakaa chini. "Hatsuyo, ukimlaza mzee juu ya choo atarudi mwenyewe kukugombeza!"

Chupa nne za maji nimempa yeye, na wali nusu. Hana mtoto wa kumtumia. Ningeonekanaje, begi langu linaning'inia mlangoni na kwake hakuna kitu?

Usikasirike. Kula vizuri.

Mama

Osaka, 23 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Sijakasirika. Nimepiga hesabu upya. Ukitoa chupa nne, nusu ya wali na mifuko ya choo, begi linabaki kilo nne na nusu. Afadhali, maana lile la kwanza lilikuwa zito, kosa langu. Maji utapewa huko juu, hekaluni wana tangi.

Kibao nimekishonea mfuko wake peke yake, wa kitambaa, wa kuvaa shingoni. Hakitagusana na choo wala na glavu. Lakini kikae humo humo kuanzia leo, mama, si pale penye ubani. Ukianza kukitafuta, umepoteza dakika mbili. Kinue naye namtumia begi lake, ili usiwe na sababu ya kugawa lako.

Tarehe 12 Mei mna zoezi la mtaa. Panda na begi lako na mfuko wa baba, kisha niandikie umetumia dakika ngapi. Sitaki habari za nani alivaa nini. Nataka dakika.

Mwanao,
Sanae

Kureura, 16 Mei

Mwanangu,

U mzima? Nisamehe nimechelewa. Kila niliposhika kalamu niliiweka chini.

Siku ya zoezi king'ora kililia, nikatoka na begi na mfuko wa baba yako shingoni, kama ulivyosema. Ngazi za hekalu ni mia mbili na kumi na mbili, unazijua. Kwenye ya thelathini Kinue akanipokea begi. Kwenye ya hamsini akanipokea na baba yako. Bwana Kamioka, mwenyekiti wetu, alikuwa juu na saa yake mkononi. Dakika ya kumi na nne ilipofika akachungulia chini, akaniona, akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Akaandika kwenye karatasi ya mkoa: wakazi wote wamefika.

Nilikuwa ngazi ya tisini na sita, Sanae. Mikono mitupu.

Nilimwambia, "Mwenyekiti, mimi sijafika." Akasema, "Bibi, karibu ufike, tusiuaibishe mtaa." Nikainama nikashukuru. Ningefanya nini?

Begi ni zuri. Usitume lingine.

Mama

Osaka, 19 Mei

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikachukua kikokotoo. Ngazi tisini na sita kwa dakika kumi na nne. Zilizobaki mia moja na kumi na sita, kwa mwendo huo, ni dakika kumi na saba nyingine, na huo ni mwendo wa mtu aliyepokewa mizigo yote njiani. Miezi miwili nahangaika na gramu. Nimetoa kila kinachotoka, na hesabu bado inagoma. Sina kingine cha kupunguza.

Nilimpigia Kamioka. Nilipiga kelele, nakiri. Akaniambia kwa upole, "Dada, kwani wewe ungeandika nini?" Nikakata simu.

Nina chumba hapa, cha chini, hakina ngazi hata moja. Nimekwambia mara tatu, na mara tatu umenijibu "tutaona". Safari hii tutaona siitaki. Unakuja, au unabaki? Kama unabaki, andika kwamba unabaki na unajua maana yake. Usinitajie baba, Kinue wala magoti. Jibu moja tu. Simuni hunisikii, kwa hiyo nimetia bahasha yenye stempu ya haraka, na anwani yangu nimeshaiandika.

Tarehe 24, kabla ya saa sita mchana, niwe nalo mkononi.

Mwanao,
Sanae